Damu ya Zaituni Imepinda

Basi, mama Zaituni, walipomaliza kumtoa damu na kwenda kuiangalia kwenye mashine yao, ndiyo daktari akarudi, akakaa kitandani kwa mwanao. Daktari mwenyewe binti mdogo, kanipa shikamoo yangu vizuri, nikamwambia marahaba, haya sema. Akasema, bibi, Zaituni hana malaria. Nikamwambia hilo nalijua tangu Tunduru. Mtoto analia miguu, analia mgongo, macho manjano, malaria gani hiyo?

Anayeniandikia ni mwalimu mmoja wa Bukoba, anauguza mumewe wodi ya pili. Mimi kalamu siijui. Huku Songea baridi, mama, nimemnunulia mwanao sweta la mitumba, mikono imempita lakini linashika joto. Na hospitali siku hizi mpaka glavu na sindano unakwenda kununua duka la nje. Wewe hujambo? Mama yako mgongo unamwachia? Niliuliza hayo mwanzo? Sikuuliza. Mwalimu, andika nimeuliza.

Nikamwambia daktari, basi ni protini imepungua. Usinicheke, neno hilo tulifundishwa kliniki: mayai, maharage, dagaa. Dagaa nimemlisha mtoto mpaka akiona sahani anageuka ukutani. Daktari akawa anatazama mikono yangu, maana nilikuwa nasuka ukili, kukaa bure siwezi.

"Bibi, huo wa mkeka?"

"Wa mkeka."

"Na kikapu je, unatumia chane nyingine?"

"Chane za ukindu ni zilezile, binti. Kazi yake inatoka kwenye unavyozikunja."

Akacheka, akasema umenifundishia somo langu. Eti hayo maharage yakifika mwilini yanafumuliwa yote, halafu mwili unasuka upya protini zake wenyewe: ya nywele, ya kucha, ya nyama. Na moja imo ndani ya damu, kazi yake kubeba hewa. Kila moja ina mkunjo wake, na mkunjo ukiharibika kazi nayo inaharibika. Hiyo ya Zaituni ina chane moja, moja tu katika nyingi, siyo inayotakiwa pale. Ikishatua hewa iliyobeba inanatana na wenzake, zinakuwa kama vijiti, na chembe ya damu badala ya kuwa duara inapinda kama mundu. Mundu huuhuu wa kuvunia mpunga. Zinakwama kwenye mishipa myembamba, ndiyo yale maumivu.

Nikamwambia, basi fumueni msuke upya. Akasema hii haifumuliki, bibi, amezaliwa nayo. Watampa maji, watampa dawa ya maumivu, watamtundikia damu ya watu, na itakuwa hivyo kila mara.

Nikauliza, ameitoa wapi? Nilitaka aseme kwa mama. Sikufichi, ndivyo nilivyotaka. Akasema kwa wote wawili, baba nusu, mama nusu, na wenyewe hawaumwi. Nikasema kwetu kitu hicho hakuna. Akaniuliza taratibu, "Hakuna mtoto kwenu aliyekufa analia miguu?"

Mwalimu, ngoja kidogo.

Alikuwepo. Issa, kaka yake mumeo, alikufa hajang'oa meno ya utoto. Alilia miguu hivihivi. Mimi nikasema ni mke mwenzangu kamloga. Yule mama alihama kijiji kwa mdomo wangu, akafia huko.

Na wewe ndiyo hivyo. Wale wawili wako walipokufa, nilisimama uani, watu wanasikia, nikasema unakula watoto. Mumeo Hamisi hakutaka kukurudisha kwenu. Alinibembeleza siku tatu. Mimi ndiye niliyekufungia mzigo.

Mwalimu ananiuliza, "Bibi, na hilo niandike? Barua atasomewa mbele za watu." Nilisema mbele za watu. Andika, tena andika kubwa.

Hukula mtoto. Nisamehe, mwanangu. Ukikataa kunisamehe kataa, lakini njoo. Damu ya Zaituni imeshuka sana, kifua nacho kimeanza kubana, na daktari akimtazama siku hizi hacheki tena. Panda basi la Songea. Ukishuka uliza hospitali, wodi ya watoto, sema bibi wa ukili, wote wananijua. Hamisi yuko machimboni anatafuta vito, nimempelekea maneno kwa mtu, lakini usimsubiri. Akikuuliza, mwambie, "Mama yako ndiye aliyeniita."

Nisalimie mama yako, najua hataitika. Nisalimie shangazi yako mfinyanzi, yule aliyenitukana njiani, mwambie alinitukana sawasawa. Na babu yako wa pale...

Nesi huyo anaita. "Bibi Zaituni! Acha hiyo barua, njoo umshike mkono, hatulii, anamwita mama yake!"

Nakuja! Mwalimu, ifunge hivyohivyo, mpe utingo wa basi leo leo. Kila akiita mama naitika mimi. Macho kafumba, hajui. Nakwenda kuitika.