Nasra Ametolewa kwa Kusema Shikamoo

Alhamisi. Jua la Kariakoo leo linachoma mpaka kivulini, umeme umerudi sasa hivi, na mimi nina hasira. Nisipoandika nitagombana na mtu asiyehusika.

Nafundisha kuchora katika kituo kidogo cha sanaa hapa mtaani. Mwaka huu tuna darasa la pamoja kwa mtandao na chuo kimoja cha Ulaya. Wanafunzi wao, wanafunzi wetu, skrini moja. Tunaita ushirikiano.

Nasra ndiye mchoraji wangu bora. Anaingia darasani akiwa dukani kwa baba yake, muuza vitambaa, maana nyumbani mtandao haushiki. Mzee Salim hakutaka hata kusikia habari za kuchora. Nilikaa dukani kwake nikanywa kahawa yake chungu mpaka akalegea: binti ajaribu darasa hili moja. Akifika kwenye maonyesho ya mwisho, aendelee. Asipofika, basi.

Asubuhi Karin, mwalimu mwenzangu wa huko, ameniandikia. Nasra ametolewa kwenye maonyesho. Eti hana umakini. Kila mara anaacha penseli, anageuka, anaongea na watu wasio wa darasa.

Anasema shikamoo, jamani!

Mzee yeyote akiingia dukani, Nasra anaweka penseli chini, anamwamkia, anaitikiwa marahaba, anarudi kwenye karatasi. Alitaka afanyeje? Bibi wa watu asimame mlangoni, mtoto ameikodolea macho kompyuta? Mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri kwamba binti Salim hana adabu, na lawama zingemwangukia mama yake.

Nikampigia Karin. Nikamweleza taratibu, halafu si taratibu. Akasema ananielewa, ila kanuni ni za wote. Za wote! Nani aliniuliza zilipoandikwa? Wanafunzi wake wanabembeleza paka mbele ya kamera, na hayo anayaita mazingira ya nyumbani. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema atafikiria.

Afikirie nini?

Nikaenda dukani kabla Mzee Salim hajasikia kwa mwingine. Aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza huku akipima kitambaa, hakuinua uso.

“Sasa Mwalimu, si ulisema hao watu wanafundisha?”

“Wanafundisha, mzee wangu. Hapa wamekosea.”

“Mwanangu amefukuzwa kwa kuwa na adabu. Haya, mimi sina neno. Tulishakubaliana.”

Nilitoka nimefura, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna alichosema ambacho si kweli.

Kurudi kituoni nakuta ujumbe wa Nasra. “Shikamoo Mwalimu. Naomba umwambie Mwalimu Karin anirudishe. Nitageuza kiti niupe mlango mgongo, nisiwaone wazee wakiingia.”

Nimelia. Kwa hasira, si kwa huruma. Mtoto yuko tayari kujifanya haoni watu waliomlea, ili mgeni aone anasoma.

Nimemwandikia Karin kwamba Nasra asipokuwepo kwenye maonyesho, hakuna kazi hata moja kutoka kwetu itakayokuwepo. Nimetuma kabla sijapoa, makusudi. Wazazi wa wale wengine watanijia juu, na watakuwa na haki yao. Huenda mwezi ujao sina darasa.

Kisha nikamjibu Nasra kwamba asiguse kiti.