Nimemwandikia Baba Mkwe kwa Herufi za Biskuti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana kwa aibu niliyonayo hata kioo nakikwepa. Kazi yangu ni kuchora herufi, na mwaka jana nilimaliza fonti yangu mwenyewe, herufi nene, za mviringo, hazina vijimkia wala pembe, ukiitazama "a" yake ni kama mtoto aliyeshiba, na watu wakaipenda, ikaenda kwenye pakiti za biskuti, ikaenda kwenye mlango wa kliniki ya watoto, nami nikavimba kichwa nikawa naipachika kila mahali. Basi baba mkwe akafariki. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu mkali, hata kwenye picha ya harusi yake hakutabasamu, na mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, fundi wetu ni wewe, mwandikie mwenzangu jiwe lake." Nikatumia herufi zangu. Mume wangu alipouona mchoro akauliza, "Mbona zinacheka?" nikamjibu kwamba yeye hajui kazi za watu. Siku ya kulifunua jiwe, mbele ya ukoo mzima na wanafunzi wake wa zamani, binti mdogo wa wifi yangu akalisoma jina kisha akauliza kwa sauti, "Mama, kumbe babu alikuwa anauza biskuti?" Mshauri, watu walicheka makaburini! Mama mkwe peke yake hakucheka, alivuta mtandio usoni. Tangu hapo sijakanyaga kwake, akipiga simu namwambia mume wangu aseme nimelala, mawifi wananiita Bi Biskuti, na linaloniumiza zaidi ni kwamba nilipokuwa nachora sikumwaza marehemu hata kidogo, niliwaza watu watakavyouliza nani kachora. Sasa nimempata mchonga mawe wa kuling'oa kimyakimya aweke lingine lenye herufi za heshima. Nifanye hivyo?

Bi Biskuti

Dada, pole. Nimekuhurumia, na nisikufiche, nimecheka pia.

Herufi zako hazina kosa. Mtoto mwenye homa akifika kwenye ule mlango wa kliniki anahitaji kitu kisicho na ncha. Lakini wewe umemvisha mzee wa watu nguo za watoto kwa kuwa mshonaji ni wewe, na mumeo alipokuonya ukamfyatukia. Hilo umelijua mwenyewe, ndiyo maana linakuchoma.

Ila kung'oa jiwe kwa siri? Thubutu! Mjane aende kumwona mumewe akute jina limegeuka, hajaulizwa na mtu? Hapo utakuwa umemdharau mara ya pili.

Halafu mkwe aliyekuchukia hakupigii simu kila siku. Yule mama amefiwa, nawe umejificha nyuma ya mumeo. Mwache mchonga mawe. Nenda kwake wiki hii, peke yako, kaa chini useme, "Mama, nilijiwaza mimi, sikumwaza baba. Nisamehe." Habari za fonti ziache nyumbani. Akitaka jiwe libaki, libaki, na mawifi wakuite wapendavyo mpaka wachoke. Akitaka libadilishwe, chora mbele yake, yeye ndiye akubali.

Kabla ya yote hayo, muulize mama huyo mumewe alikuwa mtu wa namna gani, kisha ufumbe mdomo usikilize. Ulipaswa kumuuliza hivyo kabla hujagusa kalamu.