Mahari ya Nalongo

Bugolobi, Kampala

Dada Mwanakombo,

Salamu nyingi, na mama mkumbatie kwa niaba yangu. Huku mvua imenyesha tangu alfajiri na viatu vyangu ni tope tupu, lakini leo nimepata jibu la kumpa kaka.

Nyuma ya maghorofa kuna kinamasi cha mafunjo, na wanawake wa hapa hutembeza wageni kuona ndege. Kiongozi wao ni Nalongo, ndivyo wanavyomwita mama wa mapacha. Tulikuwa tunakula naye mihogo alipokuja bwana mmoja anayetaka kufukia kinamasi ajenge hoteli. Nalongo hata hakuinuka. "Hii mahari yetu," akamwambia. "Ukijaza udongo, mugeni atakuja kuona nini? Choo yako?"

Nikamuuliza kama kweli alipewa kinamasi alipoolewa. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu! Alitaka kusema "mahali". Wengi huku huchanganya l na r.

Lakini kosa lile mimi siliachi. Mahari ni ya mwanamke mwenyewe, hata baba yake hana ruhusa ya kuigusa. Na ile mikoko tunamopitisha wageni mimi na wewe, kaka anataka ikatwe vijengwe vibanda vya hoteli. Mwambie asitie sahihi mkataba wao. Wewe niwekee samaki wa kupaka. Yeye, Jumamosi nikifika, nitamshika mkono hadi matopeni nimwambie kama Nalongo: hii mahari yetu.

Akupendaye,
Zuhura