Kwa Kahangwa, Kuhusu Mguu wa Babu

Kaka Kahangwa,

Ndizi nimeshamenya, zipike. Mama apewe dawa saa sita, akishakula. Maziwa ni yake, usiyaguse.

Nimekwenda Muleba na wenzangu kwa baiskeli. Tunachangia zahanati, kumkumbuka Babu na vita vya Kagera alivyopigana. Asubuhi umetoa upepo kwenye matairi yangu, ukasema mbele ya wanangu, "Babu alikuwa mwanajeshi, hawezi kuwakilishwa na mwanamke." Fundi wa Nshambya ameyajaza.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala kwa shangazi. Usinipigie simu.

Ule mguu wa Babu uliopigwa risasi nimeuosha mimi miaka tisa. Wewe hujui hata kama ulikuwa wa kulia au wa kushoto.

Dada yako,
Joviana