Mama Anadhani Nyumba Hii ni ya Bosi Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla fundi hajapaua, maana nikishahamia kwenye nyumba hii na uongo wangu sitatoka tena. Mimi ni fundi friji, nimeoa huku ugenini, watoto wamezaliwa huku, na sasa tunajenga nyumba yetu kwa ramani tuliyochora mimi na mke wangu mezani, tukigombana hadi juu ya kabati la viatu. Lakini nyumbani mama amenitunzia kiwanja, kila Jumamosi anakifagia kama vile tuko njiani, na siku aliponipigia simu ya video akanikuta nimesimama kwenye kifusi, akauliza, "Hapo ni wapi, baba?" nikababaika, nikamwambia ni nyumba ya bosi, mimi nasimamia tu. Basi akaipenda! Kila akipiga anataka aonyeshwe ilipofika. "Mwambie bosi wako jiko lisitazamane na choo, watu watakula vipi?" Nikahamisha choo. "Na ngazi zote hizo, kwani yeye hana mama?" Mshauri, nikaongeza chumba cha chini, mlango mpana, dirisha la kuonea nje mtu akiwa amekaa, mpaka mke wangu akaniuliza, "Unamjengea mama chumba huku unamficha nyumba, uko sawa kweli?" Nikisema ukweli, atajua sirudi tena. Nikinyamaza, ataendelea kufagia. Nifanyeje?

Msimamizi wa Bosi

Msimamizi, pole sana. Nimekucheka, halafu nikaacha kucheka. Mtu mzima, una mke na watoto, unajenga nyumba ugenini bila woga, simu ya mama inakutoa jasho! Najua hukumdanganya kwa ubaya, uliogopa kumvunja moyo. Lakini kila anaposhika ule ufagio anafanya kazi ya kukungoja, na aliyempa kazi hiyo ni wewe.

Tena usidhani hajashtuka. Bosi gani anahamisha choo kwa neno la mama wa fundi friji? Huenda anangoja tu useme mwenyewe.

Kwa hiyo piga wewe, wiki hii, mchana, mkeo akiwa kando yako. Usianze na chumba, utaonekana unamhonga. Sema, "Mama, nyumba ni yangu, na sitarudi kuishi huko." Usichomeke "labda" wala "tutaona". Mwombe radhi kwa kumficha, kisha nyamaza umsikilize. Akikata simu, mpigie kesho yake, na kesho kutwa. Kiwanja mwachie akifanyie apendavyo, apande mboga au ampe ndugu yako. Chumba mwonyeshe mwisho, na umuulize kama atakuja kukaa, bila kumlazimisha. Akisema hapana, hapana hiyo uipokee kwa adabu.

Atalia, ndiyo. Mtoto wake ameenda moja kwa moja, mwache alie. Ila alie akijua analilia nini.