Baba Lusia kwenye nyumba ya samaki

Suzana, Baba Lusia ametutia aibu huku pwani. Wala siyo aibu, hata sijui niite nini.

Tumewapeleka watoto kuona samaki wa baharini. Vioo huku na huku, maji mpaka juu ya kichwa. Watoto wanacheka, kumbe baba yao ameganda.

Tone moja tu likamdondokea shingoni. Akapiga ukelele, "Maji! Tokeni!" vilevile kama siku ile Masumbwe, duara, shimo lao la kuchimba dhahabu, lilipojaa maji na mdogo wake Wiliam akabaki chini.

Akanyakua mtoto, mbio mpaka nje.

Mayu! Siyo mtoto wetu!

Mama mtu analia, watu wanaokota mawe, "Mwizi wa watoto!"

Yeye hata hasikii. Anamfuta yule mtoto maji usoni, na mtoto ni mkavu kabisa. "Tulia, Wiliam. Leo nimekutoa."