Joho Lililoagizwa Kabla ya Jibu

Mdogo wangu Athmani,

Salamu zitangulie, maana ugomvi usio na salamu ni utovu wa adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, bado anaamka kabla ya adhana akawaamsha majirani kwa kufagia? Mimi mzima. Joto la huku Dubai limeanza kupungua, ila kikohozi cha viyoyozi hakitaki kuhama. Nimekuandikia kwa karatasi makusudi. Kwenye simu ungenijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, nami sitaki kidole.

Juzi mama alinipigia akaniagiza joho. Si kanzu, si kofia: joho jeusi la kutariziwa dhahabu.

"Nani anaoa?" nikamuuliza.

"Wewe nunua tu, mwanangu. Mabega pima yako, mnalingana."

"Mama, Athmani ana mke na watoto. Anaongeza?"

"Astaghfirullah. Nunua, utajua baadaye."

Mabega yanayolingana na yangu ni yako, na kwetu joho huvaliwa na bwana harusi au na mtu anayekwenda kukaa mbele ya watu. Nikaenda soko la viungo la Al Ras kwa Bwana Faraji, muuza iliki wetu wa Mombasa, ambaye ndiye anayekuletea barua hii. Kabla sijaketi akanishika mkono. "Hongera, bwana. Tunasikia gavana amemwita nduguyo awe waziri wake wa utamaduni. Kilichobaki ni jibu lake tu."

Kwa hiyo magunia ya iliki yalijua kabla yangu. Wewe, ambaye miaka yote hii hujachapisha makala bila kuniletea kwanza niichambue, hili ulilificha. Mtu hafichi jambo asiloonea haya.

Nikarudi chumbani nikazisoma upya makala zako za Ijumaa za karibuni. Nimeisoma ile ya ukumbi wa utamaduni, ambao paa lake linavuja juu ya vichwa vya watoto wa ngoma. Mwaka jana ungetaja nani alilijenga na nani alimpa kazi. Safari hii umeandika "changamoto za miundombinu", nami nikaipitisha bila kushtuka. Athmani, paa halina changamoto. Paa lina tundu, na tundu lina mwenyewe.

Sasa nikusimulie habari za mtu mwingine, kisha uniambie kama humjui.

Ofisini kwetu Oud Metha, tunakotengeneza vitabu vya kuwasifia wageni mahoteli, msimamizi wangu ni madam Irena, mama wa Kislovenia. Slovenia ni ile nchi ndogo ya milima iliyojitoa Yugoslavia. Ujanani alipanga kurasa za gazeti moja la wiki huko kwao, na mhariri wa ukurasa wa utamaduni alikuwa moto. Enzi za chama kimoja, wakubwa walipokatakata mchezo wa kuigiza, yeye alieleza gazetini kila kilichokatwa, onyesho kwa onyesho. Watu walinunua gazeti kwa ajili yake. Nchi ilipopata uhuru akaitwa kuwa mshauri wizarani, kwa muda tu. Kisha akawa mbunge. Kisha mwenyekiti wa kamati ya utamaduni. Kisha waziri.

"Akaanza kuwafungia wenzake magazeti?" nikauliza. Ulimi nilikuwa nimeshaunoa.

Akacheka. "Hakufungia mtu, Mister Salim. Ingekuwa afadhali, tungejua la kufanya. Aliwapa viti."

Nchi ile ina sikukuu ya taifa kwa ajili ya mshairi, na katika sikukuu hiyo hutolewa tuzo za sanaa. Waziri yule alimchukua mkosoaji wake mkali kuliko wote akamtia kwenye jopo la tuzo. Mwingine akapewa bodi ya makumbusho. Hakuna aliyeambiwa anyamaze. Lakini nani atamchoma kalamu mtu aliyemkalisha safu ya mbele? Irena anasema kurasa alizopanga zikaanza kuwa na picha kubwa na maneno machache.

Nilitaka amlaani. Hakunipa raha hiyo.

"Alitengeneza maktaba ya mji wa mama yangu," akasema. "Ina joto wakati wa baridi. Mama alikwenda kusoma humo mpaka alipofariki."

"Basi alikosea wapi?"

"Siku moja alikuja gazetini kututembelea. Tukasimama wote. Zamani akiingia tulimtupia karatasi. Aliona tumesimama, na hakutuambia tukae."

Neno hilo halijanitoka.

Najua utakavyonijibu: kaka, wewe umekimbilia kusahihisha sifa za mahoteli, mimi nimebaki na paa linalovuja, nani atalitengeneza, wewe? Ni jibu zuri, nimekuandikia mwenyewe usipate tabu. Wala sisemi gavana ni mjinga. Ninachoshuku ni kwamba si mjinga. Kaunti nzima ina walimu wa sanaa na watunza makumbusho, yeye akamwona yule tu anayemuuma kila Ijumaa. Anayemrushia nyama mbwa wa jirani hampendi mbwa. Ana safari ya usiku.

Joho nimelinunua. Muuzaji alinivisha, akanizungusha mbele ya kioo, akasema, "Arbab, khalas, hili ni lako," yaani bwana mkubwa, mambo yamekwisha. Nami nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilipendeza. Ndiyo maana naliogopa.

Sikukatazi. Ila iandike upya makala ya paa, majina yote yakiwamo, na ichapwe kabla hujamjibu gavana. Akikutaka bado, joho litakuja na msafiri wa kwanza, nami nitakupigia vigelegele, hata kama ni kazi ya wanawake. Ukishindwa kuiandika, usinieleze sababu. Utakuwa umeshakuwa waziri kabla ya kuapishwa, na joho litabaki kabatini kwangu.

Mwambie mama mzigo wake upo, aache kuutangaza mtaani. Msalimie shemeji, ambaye nina hakika naye alijua. Watoto wabusu.

Salamu zangu kwa mjomba Bakari, anayewafundisha watoto ngoma chini ya tundu lile, usimtume mtu. Mpelekee mwenyewe, ukumbini. Na ukiingia akasimama, mwambie akae.

Kakako anayekushuku kwa mapenzi,
Salim